Barua ya wazi kwa wasimamizi wa maji ya nchi yetu: tusigawe mto ambao hatujaupima

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji, Waheshimiwa Wabunge, Wenyeviti wa bodi za maji za mabonde tisa ya Tanzania Bara, pamoja na Wakuu wa Mikoa na Wilaya zinazopitiwa na mito.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Kwa miaka 31, kuanzia 1984 hadi 2015, kazi yangu ilikuwa kuteremka mtoni mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, kusoma namba ambayo maji yameifikia kwenye ubao wa vipimo uliosimikwa ukingoni, na kuiandika kwenye daftari. Mto wenyewe ni mmoja wa ile midogo inayoshuka kutoka Safu za Kipengere kuingia tambarare ya Usangu. Wanakijiji walinizoea kwa jina la Mzee Kipimo, na watoto waliozaliwa baada ya mimi kuanza kazi hawakujua kwamba nina jina jingine. Nawaandikia kwa sababu ya jambo moja: tunagawa maji ya mito kwa vibali, kwa mikutano na kwa maagizo, ilhali mito mingi iliyo sawa na mto wangu ama haipimwi, ama inapimwa na vipimo vyake havimfikii yule anayetakiwa kuamua.

Huenda kusoma ubao kukaonekana kazi ndogo. Ubao ni bamba la chuma lililopakwa rangi nyeupe, likagawanywa kwa mistari na namba nyeusi za sentimita, likafungwa kwenye nguzo iliyozamishwa kwa zege. Msomaji husubiri wimbi litulie, hutazama mstari unaoguswa na maji, kisha huandika. Lakini namba ile ni ya kina tu, na kina peke yake hakimwambii mtu ni maji kiasi gani yanapita. Ndiyo maana mara chache kwa mwaka walikuja mafundi wa haidrolojia wakiwa na kamba na chombo chenye pangaboi dogo linalozungushwa na mkondo. Kamba ilivutwa kutoka ukingo huu hadi ule, fundi akaingia majini hadi kiunoni, akasogea hatua kwa hatua akipima kina na kasi ya maji mahali pale aliposimama, nami nikiwa ukingoni nikiandika anayoyataja kwa sauti ya kushindana na mto. Upana, kina na kasi vikizidishwa na kujumlishwa, hupatikana mita za ujazo kwa sekunde. Kazi hiyo ikirudiwa wakati wa maji machache, wakati wa maji ya wastani na wakati wa mafuriko, hutengenezwa jedwali la kugeuza kina kuwa mtiririko. Jedwali hilo nalo halidumu, kwa sababu mchanga hujaa, ukingo humong'onyoka, na sentimita 50 za mwaka huu si sentimita 50 za miaka mitano iliyopita. Mto usiopimwa upya baada ya mafuriko makubwa huendelea kusomwa kwa jedwali la mto mwingine, ule uliokuwapo zamani.

Nianze na umbo la nchi yenyewe, maana ndilo linaloeleza kwa nini kipimo cha kijito kimoja cha Usangu kinamhusu mtu aliyeko mbali sana nacho. Tanzania Bara imegawanywa katika mabonde tisa ya maji: Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria. Mgawanyo huu umefuata mteremko wa ardhi badala ya mipaka ya mikoa, na waliouweka walifanya jambo la busara. Maji yanayoingia Ziwa Victoria kupitia Kagera, Mara na Simiyu hutokea Jinja na kufuata Mto Nile hadi Bahari ya Mediterania. Maji ya Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika, na ziwa hilo hupumulia Mto Lukuga, upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao mwisho wake ni Bahari ya Atlantiki. Ziwa Nyasa hutoa maji yake kwa Mto Shire, nao hujiunga na Zambezi. Pangani, Wami, Ruvu, Rufiji na Ruvuma humwagika moja kwa moja katika Bahari ya Hindi. Yapo pia maji yasiyofika bahari yoyote: Mto Bubu huishia katika ardhioevu ya Bahi, mbuga ya Wembere huelekeza maji yake upande wa Ziwa Eyasi, na yale ya Natron na Manyara hubaki humo humo hadi jua liyanyanyue, yakiacha chumvi na magadi. Katika bonde la namna hii kila lita inayochukuliwa juu hupunguza ziwa lililo chini, na hakuna kijito cha jirani kitakachokuja kuficha upungufu huo.

Sasa niseme ya Usangu, ambayo nayajua kwa miguu yangu. Tambarare yetu hupokea mito kadhaa inayoshuka kutoka milimani, ikiwemo Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera, na maji yake hutandaa katika ardhioevu ya Ihefu kabla ya kutoka kama Ruaha Mkuu. Mahali pa kutokea pana mwamba uitwao Ng'iriama, na mwamba huo ndio ufunguo wa hadithi yote. Ihefu ni kama bakuli, na Ng'iriama ni mdomo wake. Maji yakiwa juu ya mdomo, mto hutiririka kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha Bwawa la Mtera, kisha la Kidatu. Yakishuka chini ya mdomo hata kwa kiasi cha kiganja, mto hukatika, ingawa mtu akipita Ihefu bado ataona maji, matete na ndege, na ataapa kwamba maji yapo. Tofauti kati ya mto unaotiririka na mto uliokufa ni sentimita chache kwenye mwamba mmoja, na sentimita haziamuliwi kwa kukadiria.

Mwaka 1993 ndipo Ruaha Mkuu ulipokatika ndani ya hifadhi, jambo ambalo wazee hawakuwa wamewahi kuliona, na tangu hapo umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi. Viboko walirundikana kwenye madimbwi ya tope, mamba wakajichimbia kingoni, na tembo wakafukua mchanga kutafuta maji kwa mikonga yao. Mwaka 2001, akiwa London, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ifikapo 2010 mto huo utatiririka mwaka mzima. Niliipokea ahadi ile kwa furaha, kwa kuwa mto wangu ulikuwa sehemu yake. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa kwa wingi Usangu, na mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2010 ulifika ukapita, na viangazi vya mto kukatika vikaendelea.

Katika miaka yote hiyo nilisikia kila mtu akimtaja mwenzake. Mkulima alisema ni ng'ombe, mfugaji alisema ni mpunga, wa mjini akasema ni ukataji wa miti milimani, na wengine wakasema ni mvua tu. Mimi sikuona katika daftari langu sababu ya kumlaumu mmoja peke yake, lakini niliona jambo moja waziwazi, nalo ni kuhusu mabanio, yaani vizuizi vya mtoni vinavyoelekeza maji mferejini. Banio la zamani lilijengwa kwa miti, mawe, majani na udongo, na lilivuja. Uvujaji ule ulikuwa mgao wa walio chini, ingawa hakuna aliyeuita hivyo, na kila mafuriko yakilivunja banio, mto ulipata mapumziko mpaka watu wakusanyike kulijenga tena. Likaja banio la zege lenye lango la chuma. Ni kazi nzuri, haivuji, haibebwi na maji, na inamwondolea mkulima adha ya kukata miti kila mwaka. Lakini lango la chuma likiteremshwa mwezi wa kumi, linaweza kuuelekeza mto mzima mferejini, usibaki hata wa kulowesha mawe. Tuliboresha uwezo wa kuchukua maji bila kuboresha uwezo wa kujua tunachukua kiasi gani, na hapo ndipo nadhani tulipoteleza.

Nilihudhuria mkutano mmoja langoni pa banio la namna hiyo, kiangazi kikiwa kimepamba moto. Watu wa kijiji cha chini walikuja kwa miguu tangu alfajiri, wakina mama wakiwa na madumu matupu, kwa sababu mfereji ule mmoja ndio wanaokunywa, wanaofulia, wanaonyweshea mbuzi na wanaomwagilia. Wa juu walikuwa wameshaanza kulowesha vitalu vya miche, maana mpunga unaowahi sokoni hupata bei nzuri, na sikuweza kuwalaumu kwa kutaka ada za watoto wao. Mwenyekiti wao alitoa karatasi ya kibali iliyokunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, akasoma kwa sauti kiasi walichoruhusiwa, kwa lita kwa sekunde. Mzee mmoja wa upande wa chini akamuuliza, bila ugomvi, amwonyeshe lita hizo pale langoni. Mwenyekiti akaangalia lango, akaangalia maji, akanitazama mimi. Hapakuwa na ubao, hapakuwa na alama hata ya rangi kwenye ukuta wa zege, na hakuna aliyekuwapo ambaye angeweza kusema kama mfereji ulikuwa umebeba nusu ya haki yao au mara tatu yake. Mkutano uliisha kwa kukubaliana zamu za usiku, na usiku wa pili watu walipigana.

Waheshimiwa, kibali kile kilikuwa halali. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ni nzuri pia: imeyaweka matumizi ya nyumbani mbele, ikafuatisha akiba ya mazingira, yaani maji ya kubaki mtoni kwa ajili ya mto wenyewe, halafu ndipo zikaja shughuli za uchumi na jamii kadiri maji yatakavyoruhusu. Imezipa bodi za mabonde mamlaka ya kutoa vibali, na ikatambua jumuiya za watumia maji. Ila maneno "kadiri maji yatakavyoruhusu" hayana maana ikiwa hakuna anayejua maji yanaruhusu nini mwezi huu. Pasipo kipimo, anayetangulia kwenye mto ndiye anayekuwa sheria.

Kukosekana kwa kipimo hutufanya pia tutibu ugonjwa usiokuwepo. Mwaka 2006 nchi iliingia katika mgao mkali wa umeme, na Bwawa la Mtera, lenye mitambo ya megawati 80 na linalolihifadhia maji Bwawa la Kidatu lenye megawati 204, lilikuwa limeshuka vibaya. Macho yote yakageukia mashamba ya mpunga ya Usangu. Lakini Mtera hujazwa na maji ya masika. Maji ya kiangazi yanayopiganiwa mabanioni ni madogo mno kulinganisha na kile ambacho masika huleta, na hata yote yakiachiwa, yangeongeza kidogo tu katika bwawa lile. Maji hayo ya kiangazi ni uhai wa Ihefu, wa hifadhi na wa vijiji vya chini, na kwa hao yana thamani kubwa. Kwa hiyo mkulima anayefungiwa mwezi wa tisa ili Mtera ijae anaadhibiwa kwa kosa la mwezi wa tatu, na viboko wa hifadhini wanaosubiri bwawa lijae ndipo wakumbukwe watasubiri bure. Haya ni mambo mawili yanayohitaji dawa mbili. Kituo cha Msembe kilicho ndani ya hifadhi, chenye namba 1KA59, kimekuwa kikiandika mtiririko wa Ruaha Mkuu tangu miaka ya 1960, na ni kumbukumbu za vituo kama hicho zilizowawezesha wataalamu kutenganisha kiangazi na masika katika mjadala huu. Zisingekuwapo, tungekuwa bado tunabishana gizani.

Nieleze yaliyonipata mimi mwenyewe, si kwa kulalamika, bali kwa sababu nadhani wapo wasomaji wengi waliopatwa na hayo hayo. Mvua za El Niño za msimu wa 1997/98 ziliung'oa ubao wangu pamoja na nguzo na zege lake. Nilitoa taarifa. Ofisi iliyohusika ikanijibu kwamba ubao mwingine utaletwa, na kwamba kwa sasa niendelee kujaza fomu kwa makadirio. Sikuweza. Mtu aliyezoea kuandika alichokiona hawezi kuandika alichokidhania na kukitia sahihi. Palikuwa na mkuyu ukingoni, mizizi yake ikiwa ndani ya maji, nikachukua futi kamba ya fundi seremala, nikachonga alama kwa kisu kwenye shina kila baada ya sentimita kumi, nikaandika juu ya kila ukurasa wa daftari kwamba vipimo hivi vimesomwa kwenye mti. Ubao mpya ulikuja baada ya miaka minne. Ndani ya miaka hiyo minne, juu kidogo ya kituo changu, kibali cha mfereji mpya kilitolewa. Sijui kilitolewa kwa hesabu ipi, kwa maana hakuna aliyekuja kuniuliza mto huwa na nini mwezi wa kumi, na mtu pekee aliyekuwa anajua alikuwa anaangalia mti. Kiangazi cha kwanza baada ya mfereji ule kufunguliwa, maji yalishuka chini ya alama yangu ya mwisho.

Wazee wetu hawakugawa maji bila kipimo. Upareni walichimba ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya usiku, ili asubuhi yafunguliwe kwa zamu na kila mwenye shamba ajue fungu lake ni lipi. Wachagga walichimba mifongo, yaani mifereji ya maji, kwenye miteremko ya Kilimanjaro na kuweka wasimamizi wa zamu. Kipimo chao hakikuwa lita kwa sekunde. Kilikuwa bwawa lililojaa, ambalo kila mtu anaweza kuliona kwa macho, na hivyo hakuna aliyeweza kudai kuwa limejaa mara mbili. Nasema hivi kwa sababu wakati mwingine husikika kwamba wakulima wetu hawataki kupimiwa. Nionavyo mimi, wanachokataa ni kupimiwa na kipimo wasichokiona.

Na kipimo kikikaa muda mrefu, huwa kumbukumbu ya nchi. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, nchini Uganda, likazidi kwa sentimita moja kiwango cha mita 13.41 kilichoandikwa mwaka 1964. Kando ya ziwa watu waliona maji yakiingia majumbani, wakasema haijawahi kutokea. Ilikuwa imetokea, miaka 56 nyuma, na namba ilikuwepo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa, na sehemu ya hekima ya katazo hilo ni hii: ziwa lina ardhi yake ambayo huiacha kwa muda wa maisha ya mtu mmoja, kisha hurudi kuichukua. Aliyejenga miaka ya 1990 hakudanganya aliposema alikuta pakavu. Hakuonyeshwa tu kipimo cha 1964.

Kwa Rufiji haja ni ya haraka zaidi. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme Februari 2024, na miezi miwili baadaye mafuriko yakaingia katika mashamba na nyumba za watu wa Rufiji na Kibiti. Ubishi ukazuka: je, ni bwawa lililofunguliwa, au ni mvua ambayo bwawa lilisaidia kuipunguza? Sitaki kuwa hakimu wa jambo hilo, ila nasema kwamba mkulima wa bondeni hakupaswa kubaki na ubishi. Maji yanayoingia bwawani hupimwa, yanayotoka hupimwa, na namba hizo mbili zikitangazwa kila siku redioni na kwenye ofisi za vijiji, pamoja na muda ambao maji yatachukua hadi kufika, mtu angejua lini ahamishe mpunga na watoto.

Vivyo hivyo Mto Mara. Machi 2022 maji yake yalibadilika rangi yakawa meusi na samaki wakafa, kamati ikaundwa, ikatoa jibu, na wananchi wengi hawakuliamini. Kamati inayopima baada ya samaki kufa ina kazi ngumu mno. Kama kungekuwa na vipimo vya hewa ya oksijeni na vya uchafu vilivyochukuliwa wiki kwa wiki na kubandikwa hadharani tangu kabla ya tukio, jibu, vyovyote ambavyo lingekuwa, lingesimama juu ya kitu ambacho watu walikuwa wamekwisha kukiona. Dar es Salaam nako, mwishoni mwa 2022, mamilioni ya watu walijua kwamba Ruvu imepungua pale mgao wa maji ulipotangazwa. Mto haupungui kwa usiku mmoja. Hushuka sentimita kwa sentimita kwa miezi, na kila sentimita ilikuwa nafasi ya kuwaonya.

Ninachowaomba, Waheshimiwa, kinaweza kuanza msimu huu. Kila mto unaogawiwa kwa vibali uwe na ubao unaosomwa, na kila lango la banio liwe na alama ya kudumu inayoonyesha, kwa lugha ambayo mwenye shamba anaielewa, maji ya kibali yanaishia wapi. Alama ya rangi nyekundu kwenye ukuta wa mfereji, iliyopimwa vizuri na fundi, ni gharama ndogo kuliko kesi moja ya watu waliopigana kwa mapanga. Ipakwe pia alama ya pili mtoni kwenyewe, chini ya banio, ya maji ambayo hayachukuliwi na mtu yeyote, hata awe na kibali gani, kwa kuwa ni ya mto. Ile akiba ya mazingira iliyomo katika sheria haitalindwa na yeyote mpaka ionekane kwa macho.

Naomba pia vibali vya kiangazi vitenganishwe na vya masika. Mto wangu ulikuwa na maji ya kutosha kwa kila aliyetaka mwezi wa tatu, na hayakutosha hata nusu yao mwezi wa kumi. Kibali chenye namba moja ya mwaka mzima ni kibali kilichoandikwa kwa mto usiokuwepo. Na vibali vipya visitolewe mahali ambapo ubao umeng'oka, mpaka urudishwe na usomwe walau msimu mzima. Najua hili litawaudhi wenye miradi, na wabunge watapigiwa simu. Lakini afadhali kuchelewesha mfereji mwaka mmoja kuliko kuufungua na kuugombania miaka 30.

Kuhusu wasomaji, nitasema kidogo, maana mimi nimekwisha kustaafu na sijiombei. Posho ya msomaji ikichelewa miezi sita, hataacha kazi, ila ataanza kwenda mtoni mara moja kwa siku, kisha mara moja kwa wiki, kisha atajaza fomu ya mwezi kwa siku moja akiwa nyumbani. Mashine za kisasa zinazotuma vipimo kwa simu ni nzuri na ziwekwe, lakini mashine ikifukiwa na mchanga hutuma namba bila wasiwasi wowote, na anayejua kwamba mchanga umeifukia ni mtu anayeishi pale. Vitunzwe vyote viwili.

La mwisho ni madaftari. Yangu yapo 62, ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali kwa ajili ya mchwa. Fomu nilizokuwa nikituma zilinakiliwa kutoka humo, lakini maelezo ya pembeni hayakuwa na nafasi kwenye fomu: siku mto uliponuka, siku samaki walipopanda mapema, wiki banio la juu lilipofungwa kabisa, na kurasa zote za ule mkuyu. Naamini yapo masanduku kama hayo kando ya Kilombero, Wami, Malagarasi, Kikuletwa na kwingineko, katika nyumba za wazee wa rika langu. Tumeni vijana wenye vifaa vya kunakili kabla hatujaondoka. Wakija kwangu nitawapa madaftari yote bila malipo, nitakaa nao nieleze mwandiko pale ulipofifia, na nitawapeleka hadi ukingoni ulipokuwa ubao. Mkuyu bado umesimama. Gome limeanza kuzifunika alama, ila ukipitisha kidole unazihisi.

Wenu katika kuyatunza maji ya nchi hii,

Msoma vipimo mstaafu,
Usangu, Mbarali, Mkoa wa Mbeya